Shusha!

Neno la tatu kwa mwanangu kulitamka, baada ya "baba" na "mama", lilikuwa "shusha". Lawama ni zangu.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani kwangu, Mbagala, na mama watoto ni mwalimu wa shule ya msingi: anatoka kabla jua halijachomoza, anarudi limechoka. Kwa hiyo chakula cha mchana cha bwana mdogo, mwenye miaka miwili na miezi miwili, kiko mikononi mwangu. Wazazi wengine hugeuza kijiko kuwa ndege. Sisi huku ndege tunaziona zikipita juu ya mabati, hatujui hata mlango wake unafunguliwaje. Kijiko changu ni daladala.

"Kariakoo, Kariakoo! Siti zipo! Ingia twende!"

Wiki ya kwanza biashara ilikuwa nzuri. Wiki ya pili nikapakia mchicha. Bwana mdogo akanitazama kama abiria aliyepitishwa kituo, akasema, "Shusha," kisha akashusha. Wote wakateremkia kwenye satini nyeupe, gauni la harusi la watu, lililokuwa limebakiza zipu tu. Nilisugua kwa sabuni ya mche, doa likapauka lakini likakataa kuhama. Usiku nikaliziba kwa ua la utepe, na mengine mawili mabegani ili lile la kwanza lisionekane limepotea njia. Mteja alipokuja alifurahi, akauliza maua ni bei gani. Nikamwambia ni zawadi. Sikusema ya nani.

Watu wakisikia mtoto hali, wanadhani hali kitu chochote. Anakula sana, ila si chakula. Anakula chaki yangu ya kukatia. Anakula udongo wa kwenye ndoo ya maua. Ugali wa moto haugusi, lakini tonge lililokauka chini ya meza tangu juzi ataliokota, atalitazama mwangani kama sonara, kisha atalila taratibu bila kuitiwa konda. Yai la kuchemsha ananisaidia kulimenya, halafu ute ananipa mimi, kiini anamrudishia kuku.

Nimepika mtori, nyama nikaichambua nyuzi nyuzi: vijiko vitatu. Viazi vya nazi: viwili. Samaki nimemtoa miba mpaka macho yakaniuma, na bwana mdogo akaomba apewe miba. Kwenye kinachobaki bakulini ndipo mkasa wangu ulipo, maana nimelelewa na mama ambaye punje ya wali ikidondoka, alitaka kujua nani kaidondosha na ana mpango gani nayo. Kumwaga chakula siwezi. Basi saa nne namalizia uji wa ulezi, saa saba namalizia mtori, saa kumi namalizia ndizi iliyong'atwa mara moja, na jioni mama watoto akirudi nakula naye kwa heshima kama mtu aliyeshinda na njaa.

Mama mkwe alishuka kutoka Moshi na mkungu wa ndizi. Siku ya pili akaniita pembeni, sauti ya chini.

"Baba, huyu mtoto ana kimeo."

Nilishtuka. Mtaani kwetu kimeo ni simu inayojizima, au shati lililorudishwa kwa fundi. Nikaanza kumtetea mwanangu: "Lakini mama, mbona anatembea vizuri, anaongea vizuri..." Akaniambia nipanue mdomo, akanielekeza kwenye kile kinyama kinachoning'inia kooni. Eti kikirefuka kinazuia chakula, na kuna mzee anayekikata. Sasa mimi nimekata vitambaa miaka kumi na sita, na nina hofu moja isiyoniisha: ukishapitisha mkasi, hakuna kurudi nyuma.

"Mama," nikasema, "tupite kliniki kwanza."

Kliniki bwana mdogo alivalishwa kikaptura cha kupimia akaning'inizwa kwenye mzani, akizunguka taratibu kama kanzu kwenye hanga. Kilo 11.6. Muuguzi akaweka nukta kwenye kadi, ikaangukia kwenye kijani, ikifuata njia ile ile ya miezi iliyopita. Mama mkwe akaomba apimwe tena. Nadhani alikuwa anamfikiria muuza nyama fulani na mzani wake.

Habari ya kimeo muuguzi aliimaliza kwa sentensi moja: kiachwe kilipo, watoto wamevuja damu mpaka wakafa kwa mikasi hiyo. Kisha akanigeuzia uso.

"Baba, alizaliwa na kilo ngapi?"

"Tatu na pointi moja."

"Na alipotimiza mwaka?"

"Tisa na pointi tatu."

Akasema hiyo ndiyo mbio ya mwaka wa kwanza, uzito kuwa mara tatu. Baada ya hapo mtoto anapunguza mwendo, anaongeza kama kilo mbili hivi kwa mwaka, na hamu ya kula inapungua pia. Fundi hana dogo: nikapiga hesabu pale pale benchini. Angeendelea na mbio ile, mwaka wa pili angefika kilo 27.9, na wa tatu 83.7. Nikamwona mwanangu wa miaka mitatu kwenye suti ya mita tatu na nusu. Nikashukuru.

"Anakunywa nini?"

"Maziwa."

"Kiasi gani kwa siku?"

Hapo mama mkwe akaanza kutazama dari. Chupa ya asubuhi, chupa ya saa nne, chupa kabla ya chakula "ili angalau kiingie kitu", na ya kulalia. Karibu lita nzima. Muuguzi akasema nusu lita inatosha. Inayozidi inalala kwenye nafasi ya mchicha, na ikizoeleka inaweza kumletea upungufu wa damu. Chakula kipya anaweza kukikataa mara kumi na zaidi kabla hajakipokea. Kazi yenu, akasema, ni kuchagua chakula na kukitenga kwa saa yake. Ale kiasi gani, hiyo ni kazi ya mwenye tumbo.

"Na daladala?" nikauliza.

"Daladala gani?"

Nikanyamaza.

Tumepunguza chupa. Mchicha nauhesabu kwa mistari ya chaki, ile ambayo haijaliwa, kwenye meza ya kukatia. Kwenye mstari wa tisa aliulamba. Wa kumi na moja alikula majani mawili, akaomba maji kama mtu aliyetoka shamba.

Juzi jioni nilikuwa naachia mshono wa suruali yangu. Mwezi wa sita futi kamba ilisoma inchi 34 kiunoni, sasa inasoma 37, na kitambaa cha akiba kwa ndani kimeisha. Bwana mdogo akaja na bakuli lake la wali maharage, akajisogeza mpaka magotini kwangu, kijiko kimejaa pomoni.

"Kaliakoo, Kaliakoo!"

Nikafungua mdomo. Kikaingia cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Shusha," nikasema.

Konda akagonga bakuli mara mbili, gari likaondoka.