Chumba Kinachotazama Ziwa

Hongera nyinyi mnaolipia chumba "kinachotazama ziwa" kule Naivasha. Chagueni vizuri: roshani, taulo lililokunjwa umbo la bata, viboko wakila nyasi usiku chini ya taa. Msimu? Julai mpaka Septemba, kukavu. Lakini bei, jamani!

Mimi nawapendekezea mtaa wa Kihoto, hapo hapo Naivasha. Huko mwaka 2020 ziwa halikungoja kutazamwa. Lilibisha hodi lenyewe, likaingia hadi uvunguni, bila malipo, bila kuweka nafasi. Viboko? Mlangoni. Boti? Unaipandia kitandani. Wala usihangaike na msimu: mvua ilikoma, maji yakabaki. Mgeni huyu siku ya tatu hakupewa jembe, alipewa nyumba. Wenyeji wakahama, pengine hawajui kustarehe.