Sifa za Tofauti ya Ushuru

Mapenzi yamesifiwa na malenga, subira imesifiwa na masheikh, wanasiasa hujisifu wenyewe. Tofauti ya ushuru ndiyo iliyokosa mtetezi, nami nimeona haya kwa niaba yake.

Kwa asiyeijua: ukinunua hapa Ng'ambo gari iliyotumika, yenye namba ya Z, kisha ukataka kuihamishia Dar es Salaam ivae namba ya T, watu wa forodha wataithamini upya. Kilicholipwa Unguja kitatolewa kwenye kinachodaiwa Bara, na wewe utaziba pengo. Ndiyo maana dalali mzoefu ana bei mbili, ya hapa na ya kuvuka. VAT huku ni asilimia 15, kule 18, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya raha yenyewe.

Wako wanaoiita kero ya Muungano. Hawana shukurani. Forodha ni jambo la Muungano, na mgeni angekudai ushuru mzima bila haya. Ni ndugu pekee anayekaa chini, akapiga hesabu, akakudai tofauti tu.

Na adabu yake kwa wazee! Siku hizi kijana hamwachii mzee kiti ndani ya daladala. Lakini gari ikivuka miaka 10, Bara huiongezea asilimia 30 ya ushuru wa bidhaa kwa ajili ya umri wake. Hakuna Noah iliyochakaa Nagoya iliyopata kuthaminiwa hivyo na mtu mwengine yeyote, hata aliyeinunua.

Ukarimu ndio usiseme. Katika hesabu ya gari inayoagizwa Bara mna tozo ya kuendeleza reli, iliyoanza 2015 kwa asilimia 1.5. Sisi reli yetu ilikuwa ya Bububu, iliyojengwa 1905 na kung'olewa zamani za Muingereza. Asiye na treni kumchangia mwenye treni, kuna sadaka kubwa kuliko hiyo?

Ila fadhila yake hasa ni kutuliza nyumba. Gari ya Z iliyobakizwa kisiwani na tofauti hiyo haina pa kukimbilia: juu Nungwi, chini Makunduchi, basi. Mume akiaga kuwa ana safari ndefu, mke hucheka kwanza ndipo amuulize.

Kwahani kuna bwana mmoja mwenye shemeji Dar anayeitamani Vitz yake. Shemeji huja na boti, huizunguka gari, huusifu mlio wa injini, kisha hupiga simu kwa wakala wa forodha. Akisomewa tofauti, hunywa chai yake kimya na kuuliza boti ya jioni inaondoka saa ngapi. Mwenye gari hununa. Mkewe, anayepelekwa nayo sokoni Mwanakwerekwe, humfungia shemeji mikate ya kumimina ya njiani, na kumwambia asikate tamaa, ajaribu tena mwakani.