Siri ya Mtungi Muulize Facebook

Siri ya mtungi, zamani, tulimwuliza kata. Siku hizi kata kastaafu.

Chukua BetterHelp ya Marekani, programu ya ushauri nasaha. Miaka michache nyuma, unaifungua saa nane za usiku, usingizi umekukimbia, inakuuliza kwa upole wa mkunga: umeshawahi kumwona mshauri? Una huzuni iliyokuzidi? Jibu tu, ni siri yako na mshauri wako. Unajaza. Kumbe, kwa mujibu wa Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo, anwani za baruapepe za wateja zilipelekwa Facebook, pamoja na habari kwamba wenyewe walishapata ushauri, ili watafutwe wengine wa sampuli yao na kumwagiwa matangazo. Na aliyeachiwa maamuzi mengi ya kazi hiyo? Kijana aliyetoka chuo juzi, hajawahi kugusa kazi ya masoko. Gengeni kwetu hata wa kupanga mafungu ya nyanya hufundishwa kwanza.

Mwaka 2023 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7.8, bila kukiri kosa. (Radhi ya namna hii naijua, wapangaji wenzangu huiomba kila tarehe ya umeme.) Waliostahili mgawo ni watu wapatao 800,000. Piga hesabu: haifiki dola 10 kwa kichwa.

Shoga yangu mmoja, anayesutwa kila harusi kwa mdomo wake, nilipomsimulia aliweka kikombe chini.

“Kumbe kuna malipo? Na mimi miaka yote hii natoa bure!”