Karatasi ya Semina Ndani ya Tenga

Stendi ya mabasi, Singida mjini. JOGOO yumo ndani ya tenga. DUMU la mafuta ya alizeti liko juu ya benchi. Basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam linashusha abiria wachimbe dawa.

JOGOO: Mdogo wangu, unajua kusoma?

DUMU: Mimi nasomwa lita tu, kaka.

JOGOO: Humu wametutandikia karatasi za semina. Zinasema mwili hubeba asilimia 55 ya mawasiliano, sauti 38, maneno 7.

DUMU: Nani kapima?

JOGOO: Albert Mehrabian, Marekani, 1967. Lakini alipima jambo dogo: neno moja likitamkwa kwa sauti au uso unaolikana, msikilizaji ataamini kipi kuhusu kupendwa au kuchukiwa. Mwenyewe alishaonya kwamba si mazungumzo yote. Hilo liko ukurasa wa pili. Mwezeshaji nadhani hakufika.

DUMU: Endelea.

JOGOO: “Asiyekutazama machoni anaficha jambo.”

DUMU: Haya, mtazame yule binti anayempa bibi yake maji. Kapiga goti kidogo, macho chini, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia. Anaficha nini?

JOGOO: Kwa karatasi hii, akienda hivyo kwenye usaili, wataandika: hajiamini.

DUMU: Na akimkazia bibi macho?

JOGOO: Kazi atapata. Nyumbani sijui atarudi vipi.

DUMU: Hata mimi walinisoma vibaya. Nilipokuwa shambani Ikungi nililifuata jua nikiwa mchanga tu. Ua lilipokomaa shingo ikakaza, nikabaki natazama mashariki. Jioni wageni wanapiga picha: “Oneni linavyolipenda jua!” Jua liko magharibi, mimi nimelielekezea kisogo!

JOGOO: Basi nami nitubu. Huwa nainamisha kichwa, nadonoadonoa na kuita mitetea, kumbe chini hakuna punje.

DUMU: Wanakuja?

JOGOO: Mara ya kwanza, ya pili. Baadaye hawaangalii tena shingo yangu, wanaangalia tabia yangu.

(Anakuja MNUNUZI, beji ya semina ikining’inia shingoni. Anasikia bei ya jogoo kwa MUUZAJI, anasonya, anakunja mikono, anageuka kuelekea basini.)

JOGOO: Mikono imekunjwa. Karatasi inasema huko ni kukataa. Nimepona!

DUMU: Muuzaji hajasoma karatasi. Mwone anavyojikuna kichwa bila haraka. Anaangalia miguu ya mnunuzi: mtu mwenye basi linalopiga honi hatembei polepole vile.

MUUZAJI: Mzee! Rudi basi, leta elfu ishirini na tano.

(MNUNUZI amekwisha kurudi. JOGOO anatolewa, anafungwa miguu, ananing’inizwa kichwa chini. Ananyamaza.)

MNUNUZI: Mtulivu huyu. Karidhika kabisa.

DUMU: Karidhika! Kuku akipinduliwa hivyo huganda kwa hofu, hata sauti haitoki. Kaka, mwambie!

(JOGOO kimya.)

MNUNUZI: Mimi mwili nausoma, kijana. Juzi ofisini niliwauliza walio chini yangu kama kuna mwenye tatizo. Wote wakatulia hivihivi, macho mezani. Nikajua tumeelewana.

MUUZAJI: (akitabasamu) Kweli, mzee.

MNUNUZI: Nipe na hilo dumu. Linavyong’aa, linaonekana lenyewe linataka kumkaanga.