Masuku ya Uzi Mwekundu

Shemeji yangu wa Dar es Salaam hupenda kusema kwamba Songea ni mahindi na baridi tu. Siku aliporudia maneno hayo kwenye kundi la familia la WhatsApp, wakwe wakisoma, niliazima kamera ya jirani nikapanda bodaboda hadi bustani ya wanyamapori ya Ruhila, nje kidogo ya mji. Nilitaka picha moja: msuku uliosheheni masuku.

Ilikuwa Desemba, msimu wenyewe. Ila kwa kuwa naijua bahati yangu, nilipitia sokoni nikanunua masuku kisado kizima, eti tahadhari. Pundamilia wakanipa mgongo. Pofu akajibanza kichakani kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka. Na msuku niliouchagua kwa umbo lake zuri haukuwa na tunda hata la dawa. Nikatoa uzi mwekundu wa kushonea (mke wangu bado anautafuta), nikatundika masuku kumi na mawili, moja moja.

Kijana anayetembeza wageni alinitazama mpaka nikamaliza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, huo ni dume. Hauzai."

Nimekula masuku tangu sina meno ya mbele, wala sikujua kwamba misuku ina madume na majike kama mbuzi. Nikajisemea, Dar nani atajua?

Sijakaza jicho vizuri, tumbili huyo kashuka. Akachuma la kwanza, akalipasua, akafyonza nyama yake ya njano, akatema kokwa upande wangu, akashika la pili. Nami nabonyeza tu, mkono unatetemeka, nusu kicheko nusu uchungu wa hela yangu. Katika picha 41, moja tu ilitoka safi: ameinama kulifuata tunda jingine, kanigeuzia makalio. Sasa tumbili dume, kwa asiyemjua, huko nyuma chini ya mkia Muumba kampaka buluu ambayo hata wauza kanga wa Kariakoo hawana.

Kwenye kioo kidogo cha kamera mimi niliona masuku. Jioni nikaihamishia kwenye simu, nikaituma kundini na maneno haya: "Utajiri wa Songea."

Shangazi wa Peramiho aliwahi kujibu, kwa sauti: "Mwanangu, masuku hukaa yamebana tawi. Haya yanayoning'inia kama hereni umeyatoa wapi?" Shemeji akaleta vikatuni vya kucheka, nikahesabu kumi na saba. Mke wangu akauliza uzi ule mwekundu ni wa nani.

Baba mkwe, mzee wa kanisa, hajasema neno hadi leo. Ila tiki zake mbili zimegeuka buluu.