Rambirambi za Shangazi Aliye Hai

Shangazi alishuka kwenye bajaji pale Manundu, Korogwe, akitokea Handeni kwa basi la asubuhi, akakuta bango limetundikwa kwenye mwembe. Lilikuwa refu kama mlango wa ghala, lina rangi nne, na mti wa ukoo umetanda matawi hadi kwenye pembe. Akatafuta jina lake, kama mtu yeyote angefanya. Akaliona tawi la tatu kushoto. Mbele yake paliandikwa: (marehemu).

Akavua kandambili, akaketi mkekani chini kabisa ya jina lake, akanyoosha miguu.

“Haya,” akasema. “Rambirambi zangu nani kakusanya?”

Aliyekusanya majina, akatengeneza bango na kulilipia ni mwandishi wa makala haya, na siku hiyo alitamani sana kuwa mtu mwingine. Kosa lilitokea kwenye simu. Kiolezo alichokitumia kinamtaka mtu achague “hai” au “marehemu”, na vitufe hivyo viwili vimekaa karibu kuliko inavyofaa kwa jambo zito namna ile. Kidole gumba kikateleza usiku wa manane, Shangazi akaondoka duniani akiwa amelala kwake Handeni.

Kiolezo chenyewe kilitoka mbali. Kililetwa na mpwa anayesoma Glasgow, kimepambwa pembeni kwa miraba ya kitambaa cha Kiskoti, ile ambayo kila ukoo huko una yake, mithili ya sare za vitenge tunazoshonewa kwenye harusi kisha hazivaliwi tena. Waskoti wana mapenzi makubwa na nasaba, na serikali yao imewarahisishia kazi: tangu 1855 kila kizazi, ndoa na kifo lazima kisajiliwe, hivyo anayemtafuta babu wa babu yake ana pa kuanzia. Hata neno lao la ukoo, “clann”, kwa Kigaeli maana yake ni watoto. Na ile “Mac” iliyojaa kwenye majina yao ni “mwana wa”. MacDonald ni mwana wa Donald, basi, hakuna fumbo.

Fumbo lilianza kiolezo kilipofika kwetu Uziguani. Kwa Wazigua, “Se” inayotangulia majina mengi ni “baba wa”. Mskoti anatambulishwa kwa baba yake. Mzigua mzima, mwenye ndevu na shamba la mahindi, anatambulishwa kwa mtoto. Vazi lililokatwa kwa kipimo cha kina Mac wakavalishwa kina Se, likawabana kwapani. Na ukipanda milima kwa Wasambaa, “Se” inageuka “She”. Katika ukoo wetu kuna ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja alianza shule Handeni, mwingine alikulia kwa mjomba huko Lushoto, mwalimu akamwandika kwa sikio la kwao. Bango likawachora kama koo mbili zilizokutana harusini.

Tena kuna haya majina matatu. Fomu ya Tanzania inataka jina lako, la baba na la babu, kwa hiyo kila raia anatembea na kipande cha nasaba mfukoni. Tatizo ni kwamba jina la babu linasogea. Baba akiandika la babu yake, mwanawe naye akaandika la babu yake, vizazi viwili ndani ya nyumba moja vinaishia kwa majina tofauti. Mwingine anatia jina la ukoo. Mwingine anatia alilolisikia karani.

Mwandishi aliomba msaada kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu 143. Aliandika: “Ndugu zangu, naomba majina ya wazee wetu hadi kizazi cha tano.” Kufikia jioni alikuwa amepokea maua 22 ya “asubuhi njema”, dua moja ndefu, tangazo la kuku wa kienyeji, na swali kutoka kwa mtu asiyejulikana na yeyote: hili ni kundi la nini?

Turudi chini ya mwembe, ambako msiba wa Shangazi ulipata mwenyewe. Jirani mmoja ni Mnyamwezi, mjukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge Korogwe, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya pembe. Mtani kazi yake msibani inajulikana. Akajilaza mkekani kando ya Shangazi, akajifunika kanga mpaka usoni, akatangaza kwamba maiti haiondoki hadi ilipiwe nauli. Watu wakaanza kutupa noti. Shangazi akazihesabu mwenyewe, mara mbili: shilingi 47,000.

Bibi hakucheka. Alikuwa ukumbini akichambua mchele, akaomba asomewe bango lote, tawi baada ya tawi. Mwandishi akasoma, kwa sauti ya mtu anayesubiri kupongezwa. Bibi akapepeta ungo.

“Mume wangu,” akasema, “hiyo ni orodha ya wanaume. Ukoo uko wapi?”

Hapo ndipo pagumu. Zamani Wazigua, kama jirani zao Wanguu, Wakaguru na Waluguru, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwandishi alikuwa amechora majina 140 kwa kufuata baba, kama Mskoti, kama fomu ya serikali, na mama yake Bibi hakuwemo. Bibi akaanza kuwataja bila kuacha mchele wake: mama yake, mama wa mama yake, na yule aliyemzaa huyo. Alifika wa sita.

Wapo waliokumbuka katika hali ngumu kuliko hiyo. Katika karne ya 19, nyakati za njaa, Wazigua wengi walivushwa kwa majahazi hadi Somalia na kuuzwa utumwani. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyeitwa Wanankhucha, aliyewaongoza waliotoroka kurudi kwao kwa miguu. Hawakufika, wakaishia bonde la mto Juba. Wakakaa huko vizazi na vizazi na Kizigua chao, pasipo daftari. Vita ya 1991 ilipowatimua, baadhi walikuja hadi Handeni, na mwaka 2003 yakafunguliwa makazi yao ya Chogo. Wengi wamepata uraia wa Tanzania. Wengine walichukuliwa na Marekani kutoka kambi za Kenya kuanzia mwaka huohuo, na leo wapo wenye asili ya Uziguani wanaokwangua theluji mlangoni huko Lewiston, Maine.

Watu hao waliuzwa ng’ambo, wakatoroka, wakakimbia vita, na lugha ya nyanya zao wakaja nayo. Mwandishi alikuwa na kilomita 65 za lami tu, kutoka Handeni hadi Korogwe, akampoteza mama wa bibi yake njiani.

Bango sasa linaanikiwa makopa ya muhogo, maandishi yakiwa chini. Linafaa sana, halipitishi unyevu. Orodha mpya iko kwenye kaunta buku, kwa penseli, inaanza na akina mama, na mtunzaji wake ni Shangazi. Rambirambi alikataa kuzirudisha; anasema siku ya kweli ikifika zitakatwa kwenye hesabu. Nafasi iliyo wazi ni ya mama wa saba. Binti yake aliolewa Kwamatuku, ndicho pekee Bibi alichobaki nacho. Mwenye asili ya huko anayelijua jina hilo amwone Shangazi, na kama ni mtu wa kutuma ujumbe, aandike wazi nani yu hai.