Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi: Pongezi kwa Vipimo vya Haraka

Kwako Mganga Mfawidhi,
Hospitali yetu ya mkoa.

YAH: PONGEZI KWA UCHUNGUZI WA WATOTO USIOPOTEZA MUDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa mkoa huu, na bibi wa mtoto wa kiume wa miaka minne na ushee. Naandika kukupongeza. Huko kwa wenzetu, mtoto akishukiwa kuwa na usonji, wataalamu humwangalia akicheza, humhoji mama yake kuanzia ujauzito, kisha daktari, mwanasaikolojia na mtaalamu wa matamshi hukaa meza moja wakajadiliana. Hapo kwako kazi yote hiyo hufanywa na muuguzi mmoja, kasimama, anatafuta kalamu, na majibu hutoka mtoto hajavuliwa hata viatu: "Huyu mtundu."

Mjukuu wangu kapimwa hivyo kila alipofika, na matokeo yake yana upana wa kutosha. Dirisha la kadi, mtundu. Kwenye mizani, alipogoma kuvalishwa ile suruali ya kuning'inizia, kadekezwa. Chumba cha sindano, alipoziba masikio na kupiga mayowe kwa kuwa watu wazima wanne walimkamata viungo vyote huku kila mmoja akimpa amri yake, akawa na mashetani. Aliyesema hayo hakuwa mganga wa kienyeji. Alikuwa na sare nyeupe na saa kaibana kifuani. Mwingine akasema ni kiziwi. Huyo walau alitazama, maana ni kweli mtoto akiitwa jina lake hageuki. Lakini fungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, atakufikia kabla hujaimaliza kuichana.

Wa mwisho alimfariji binti yangu: watoto wa kiume huchelewa kusema, mtoto wa dada yake alianza na miaka mitano, na leo yuko benki. Nilitaka kumuuliza kama huyo wa benki naye alikuwa akipanga vizibo vya soda kwa mstari kutwa nzima na kulia kimoja kikisogezwa, lakini foleni ilikuwa ndefu, nikaona nisimcheleweshe mtu.

Kwa kuwa kalamu zinapotea, napendekeza hospitali ichonge mihuri mitatu: MTUNDU, KADEKEZWA na ATASEMA TU. Mhudumu wa getini anaweza kupiga mmojawapo mtoto anapoingia, tukaokoa hata gharama ya chumba.

Nikupongeze pia kwa kutunza mambo ya kale. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Marekani alichapisha maelezo ya watoto 11 waliokuwa na tabia za namna hii. Miaka iliyofuata wakazuka wataalamu wakidai kosa ni la mama: ana moyo wa baridi, ndiyo maana mtoto kajifungia. Bruno Bettelheim aliieneza hoja hiyo kwa kitabu chake cha 1967, ingawa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto wa hivyo nyumbani, alikwisha kutetea kuwa chanzo kimo katika ubongo wenyewe, si katika malezi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha utafiti wao wa mapacha wa Uingereza, ukaonyesha kuwa urithi una nafasi kubwa. Hoja ya mama baridi ikazikwa. Hapo kwako bado iko zamu. Binti yangu kaulizwa kama humwachia mtoto televisheni, kama hushinda kazini, kama alimtaka kweli mtoto huyu. Baba wa mtoto hajaulizwa lolote. Yeye hupewa kiti.

Sasa, Daktari, usije ukaitisha kikao cha kuwafokea wauguzi. Siwalaumu. Namlaumu aliyewapeleka vitani mikono mitupu, na wewe uko karibu naye kuliko mimi. Sista mmoja alinivuta pembeni, akaniambia chuoni usonji ulipita kama mstari mmoja ndani ya somo la afya ya akili, na mtihani haukuuliza. Tangu aajiriwe kahudhuria semina za kila namna, hakuna hata moja iliyogusa jambo hilo. Usiku anabaki peke yake na wodi nzima. Mtu wa namna hiyo akimwita mtoto mtundu, anatumia neno alilopewa na mtaa, kwa kuwa wewe hukumpa lingine.

Na si kwetu tu. Nigeria, mwaka 2008, daktari Muideen Bakare na wenzake walichapisha dodoso la maswali 19 la kupima wahudumu wa afya wanajua nini kuhusu usonji wa utotoni. Mwaka uliofuata wakachapisha maoni ya wahudumu juu ya chanzo chake, na miongoni mwa waliojibu wamo waliotaja shetani na mizimu. Tofauti ni kwamba wale waliuliza. Dodoso lenyewe ni fupi, linajazwa chai haijapoa. Lilete hapo, Daktari, na ukipenda uanze kulijaza wewe.

Kwenye korido yako kuna bango la Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa Desemba 2021. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma karibu maisha yangu yote, na bado jina hilo lilinitaka nivute pumzi mara mbili. Ni programu nzuri, inamhesabu mtoto mzima kuanzia tumboni mpaka miaka minane. Chini ya bango hilo kina mama wamekaa kwenye benchi wakingoja kuambiwa kilo. Mjukuu wangu kwa kilo hana mpinzani. Mstari wake kwenye kadi umepanda vizuri mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi tulipongezwa, huku maneno machache aliyokuwa nayo yakimpotea moja baada ya jingine. Alikuwa akisema "maji". Akaacha. Kadi haikushuka.

Hapa ndipo nataka utulie kidogo, maana kejeli zimenichosha. Mtoto wa Tanzania hupewa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 18. Kuna dodoso la uchunguzi wa awali wa usonji lenye maswali 20 ya ndiyo au hapana, linaloitwa M-CHAT-R, lililotengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na kulitumia kliniki hulipii. Kwa hiyo, siku ileile muuguzi anapomshika mtoto amchome, ndio umri uleule wa kumuuliza mama: akiona kitu cha ajabu, hukunyooshea kidole akuonyeshe? Ukimwita, hugeuka? Hujifanya anakunywa chai kwenye kikombe kitupu? Majibu hayamwandiki mtoto ugonjwa. Yanasema tu huyu aangaliwe zaidi, na huyu arudi nyumbani. Muuguzi yupo, mama yupo, mtoto yupo, kadi iko mezani. Kilichokosekana ni karatasi, na mtu wa kumwelekeza sista namna ya kuitumia.

Na siku hiyo ya chanjo usipoitumia wewe, wengine wataitumia kwa kazi yao. Kwa kuwa dalili nyingi huonekana wazi umri huohuo, mama huunganisha mambo: kachomwa, kanyamaza. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet habari za watoto 12, wakahusisha usonji na chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela. Makala hayo yalifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Uvumi wake lakini umefika mpaka kwenye magenge yetu ya nyanya, tena kwa sauti za WhatsApp. Anayeweza kuuzima ni muuguzi anayejua la kujibu. Anayemwambia mama "acha maneno ya mtaani" na kumgeuzia mgongo, kauongezea mafuta.

Mengine hayahitaji hata karatasi. Mtoto wa hivi aitwe kwa upole, si kwa kipaza sauti. Aonyeshwe kifaa kabla hakijamgusa. Amri zitoke kwa mtu mmoja, na mama aulizwe nini humtuliza, maana anakijua. Apitishwe mbele ya foleni. Foleni itanung'unika, ielezwe. Hayo hayana fungu kwenye bajeti, labda ndiyo sababu hayajawahi kuidhinishwa.

Najua tarehe 2 Aprili ikifika mtavaa fulana za bluu, maana Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo mwaka 2007. Vaeni, zinawapendeza. Ila fedha ya fulana za mwaka mmoja ingetosha kurudufu maswali 20 kwa Kiswahili kwa kliniki zote za mkoa, na soda za wahudumu siku ya mafunzo zingepatikana humohumo.

Binti yangu alifika kwa mtaalamu wa watoto mtoto akiwa amekwisha kutimiza miaka minne. Aliyemwelekeza ni mama mwenzake waliyekutana kwenye daladala, si mtu wa hospitali yako. Miaka zaidi ya miwili ya kumsaidia mtoto azungumze imepita ikisubiri utundu uishe.

Kliniki yako ya chanjo inafunguliwa tena Jumatatu asubuhi. Naomba maswali hayo yawe mezani kwa sista, na awe amefundishwa kuyauliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bibi, mwalimu mstaafu.